Shajara ya mradi: kwasikristali inageuka fuwele ya kawaida saa ngapi?

Tar. 4 Juni

Shule zimefungwa, karatasi za mtihani nimemaliza kusahihisha, sasa naanza huu mradi niliouweka kiporo tangu mwaka jana. Swali lilitoka kwa kijana wa kidato cha sita, tulikuwa tunasoma habari za fuwele akaniuliza, mwalimu, kama kuna vitu vinajirudia na kuna vingine havijirudii, kimoja kikigeuka kuwa kingine pale katikati kinakuwa nini? Nikamjibu kiutu uzima, nikamwambia swali zuri tutalirudia. Hatukulirudia. Kijana kashamaliza shule.

Kwa ufupi tuwe pamoja. Fuwele ya kawaida, mfano chumvi, ni kiboksi kimoja cha atomu kinachopangwa na kupangwa kama matofali, na ukifanya hivyo ulinganifu wa kuzungusha (mara ngapi umbo linajifanana ukilizungusha duara moja) unaoruhusiwa ni wa 2, 3, 4 na 6 tu. Wa 5 hauingii, jaribu kutandika sakafu kwa vigae vya pembe tano sawa uone mapengo. Sasa tarehe 8 Aprili 1982 huko Marekani Dan Shechtman alikuwa anaangalia kwenye hadubini ya elektroni aloi ya alumini na manganizi iliyopozwa ghafla, akakuta madoa ya difraksheni (elektroni zikipita kwenye fuwele zinatawanyika na kuacha madoa) yamezunguka kumi kumi, makali, safi, kitu ambacho vitabu vyote vilisema hakipo. Hicho ndicho kwasikristali, atomu zimepangika lakini mpangilio haujirudii. Makala yake na Ilan Blech, Denis Gratias na John Cahn ilitoka Novemba 1984. Yaani miaka miwili na nusu ya kuambiwa rudi kasome.

Mpango wangu: nitengeneze kwasikristali ya mstari mmoja kwenye laptopu, halafu niigeuze pole pole iwe fuwele, niione inapokatika. Nina uhakika kuna mahali inakatika. Baadaye nifanye ya bapa kwa mbao, nimeshaongea na fundi.

Tar. 6 Juni

Ya mstari mmoja ni rahisi kuliko nilivyodhani. Unachukua vipande viwili, kirefu (N) na kifupi (F). Kila hatua kila N inageuka NF na kila F inageuka N. Unaanza na N, inakuwa NF, halafu NFN, NFNNF, NFNNFNFN, unaendelea hivyo hivyo. Idadi inakwenda 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21, hizo namba za Fibonacci za kila siku. Ukigawa idadi ya N kwa idadi ya F unasogelea tau, uwiano wa dhahabu, 1.618 na kuendelea. Urefu nao nimeweka hivyo, F ni 1 na N ni tau. Haijirudii kamwe, lakini si fujo, kila neno fupi utakaloliona humo utaliona tena mbele si mbali sana.

Fundi nimempa oda ya rombasi za mbao nyembamba, za aina mbili za Penrose (vigae vinavyofunika sakafu bila mpangilio kujirudia), nene yenye pembe za 72 na 108 na nyembamba yenye 36 na 144. Vipande 50 vya kila aina. Ameguna kwenye hiyo 36, anasema mwalimu ncha hii itakatika, nikamwambia kata tu.

Tar. 10 Juni

Siku nne zimepotea na ujinga ni wangu.

Njia ya kugeuza geuza ni nzuri ila haina kitu cha kusokota. Nilitaka kifundo, nizungushe pole pole toka kwasikristali hadi fuwele. Kwa hiyo nikahamia njia ya pili. Unachukua karatasi ya grafu, nukta zote za kimia (pale mistari inapokatana), unachora mstari uliolala kwa mwinuko wa 1 gawanya kwa tau, yaani 0.618, halafu unaweka ukanda mwembamba kando ya mstari. Nukta zinazoingia kwenye ukanda ndiyo atomu zako, unazishusha kwenye mstari. Hatua ya kwenda kulia inakuwa N, hatua ya kwenda juu inakuwa F. Ile NFNNF inatoka yenyewe bila wewe kuitaja popote. Kwasikristali ya mstari mmoja ni kipande cha kimia cha kawaida kabisa cha bapa kilichokatwa kwa pembe isiyo na uwiano kamili, ndiyo siri yote. Zile za Shechtman hivyo hivyo, ila kimia kina vipimo sita na unakikata kushuka vitatu.

Basi nikatengeneza vipande 2,000 nikaandika jaribio la kuuteleza mstari juu ya wenyewe, kuhakikisha haujirudii. Ukajirudia! Ukiusogeza vipande 809 unalala juu ya wenyewe kikamilifu, hakuna tofauti hata moja. Nikafuta nikaandika upya, 809. Nikasogeza ukanda pembeni kidogo, 809. Na 809 si hata namba ya Fibonacci, nikaanza kufikiri laptopu imechoka.

Leo asubuhi nikiwa naosha vyombo ndiyo nikaona. Kwenye skripti (programu niliyoandika) mwinuko nimeuandika 0.618. Hiyo 0.618 ni 309 gawanya kwa 500. Ni sehemu kamili, namba nzima juu ya namba nzima. Mwinuko wangu ulikuwa 309 juu ya 500, kwa hiyo kila baada ya vipande 809 (500 virefu, 309 vifupi) mstari unakanyaga nukta ileile tena na mchezo unaanza upya. Siku nne nimekuwa na fuwele mkononi naipigia kelele kwa nini si kwasikristali.

Tar. 11 Juni

Nimelala na hilo jambo. Hata nikiandika mzizi wa 5 vizuri, laptopu inahifadhi tarakimu chache tu, na namba yoyote yenye tarakimu zenye kikomo ni sehemu kamili. Inamaanisha kwa njia ya ukanda mashine yangu haijawahi kutengeneza kwasikristali hata moja na haitatengeneza, kila nitakachopata ni fuwele yenye kiboksi kikubwa mno kiasi kwamba sitafika mwisho wake. Njia ya kwanza ya NF ni halali lakini nayo lazima niikate mahali fulani.

Nilienda kutafuta sehemu inapokatika nikakuta nimeanzia upande wa pili.

Tar. 14 Juni

Hizi fuwele zenye mwinuko wa karibu karibu zina jina, zinaitwa aproksimanti, na si kitu cha kwenye skripti tu, zipo kwenye metali kweli, nitafika. Badala ya 0.618 unaweka 2 juu ya 3, unapata kiboksi cha vipande vitano NFNNF kinachojirudia. Unaweka 3 juu ya 5, kiboksi cha vipande nane. 5 juu ya 8, kumi na tatu. Urefu wa vipande sibadilishi, nabadilisha mpangilio tu. Urefu wa kiboksi unatoka 6.854, 11.090, 17.944, kila mmoja ni uliotangulia mara tau, hiyo sikuipanga.

Sasa nikapanga mstari wa kweli (wa NF) juu na aproksimanti chini nikahesabu vinaenda pamoja mpaka wapi. Kiboksi cha 5, vinafanana vipande 11 vya mwanzo. Cha 8, vipande 19. Cha 13, vipande 32. Cha 21, vipande 53. Nikaziangalia hizo namba nikanywa chai nikaziangalia tena. Ongeza mbili kila moja: 13, 21, 34, 55. Ni Fibonacci zilezile, mbili mbele.

Nikarudi kwa ile fuwele yangu ya bahati mbaya, ya 809. Ikaenda sawa na ya kweli hadi kipande cha 375. Kipande cha 376 na 377 vikabadilishana nafasi. Na 377 ni nini? Fibonacci. Aisee nilicheka peke yangu sebuleni.

Tar. 15 Juni

Umeme umekatika tangu saa tatu asubuhi. Bora.

Nimekata vijiti vya boksi la kadibodi, virefu na vifupi, nimevipanga kwenye meza ya kulia chakula na mpwa wangu wa kidato cha pili. Juu mstari wa kweli, vipande 21, chini kiboksi cha tano kikijirudia. Nikamwambia nionyeshe panapotofautiana. Akahesabu kwa kidole, akasimama kwenye 12 na 13, juu ni NF chini ni FN. Tena 17 na 18, hivyo hivyo. Sehemu nyingine zote sawa. "Sasa anko si ubadilishe tu hivi viwili," akasema, akavibadilisha, na mstari wa juu ukawa fuwele. Miguso miwili ya kidole.

Wataalamu hilo tendo wanaliita kuruka kwa fazoni. Atomu haisafiri, inachofanya ni kuhamia nafasi ya jirani, tofauti ya urefu wa N na F tu, 0.618 ya kipande kifupi. Hakuna kilichovunjwa wala kilichoyeyuka. Ukiruka ovyo ovyo huku na kule mpangilio unachafuka, ukiruka kwa mpango, kila baada ya umbali fulani, umeinamisha ukanda mzima na umepata fuwele. Kuinamisha huko ndiko wanakoita mkazo wa fazoni.

Nikamwomba anionyeshe kwenye kipande gani meza ilikuwa kwasikristali na kwenye kipande gani imekuwa fuwele. Akaniangalia kama mtu anayedanganywa.

Tar. 19 Juni

Leo difraksheni. Kwenye maabara hutazami atomu moja moja, unapiga eksirei au elektroni unaangalia madoa, kwangu ni vilele kwenye grafu, nimevipata kwa kubadilisha kwa Fourier (hesabu inayotoa marudio yaliyofichika kwenye mpangilio). Bando la intaneti lilikwisha nikiwa napakua maktaba ya Python kwa hiyo nimeandika jumla yenyewe kwa mkono, ni mistari sita tu, inachukua muda lakini inafika.

Kwasikristali ina vilele vikali kwenye 0.7236, 1.1708 na 1.8944 (nimegawa kwa mbili pai). Aproksimanti ya kiboksi cha tano inavyo hivyohivyo ila kwenye 0.7295, 1.1672 na 1.8967. Tazama vinavyohama: cha kwanza kulia 0.0059, cha pili kushoto 0.0036, cha tatu kulia 0.0022. Kulia, kushoto, kulia, na kila hatua inapungua kwa tau. Ukichukua kiboksi cha nane mambo yanageuka, cha kwanza kinaenda kushoto, kwa sababu 3 juu ya 5 ni mwinuko wa chini ya 0.618 wakati 2 juu ya 3 ni wa juu yake. Ukizungusha kifundo polepole vilele vinateleza polepole. Hakuna kinachoruka, hakuna kinachozimika ghafla.

Kwa hiyo mtu wa maabara akitaka kujua ana kwasikristali halisi au ana aproksimanti, hawezi kutegemea kuona tu kwamba madoa ni kumi kumi, lazima apime madoa hayapo pembeni kidogo ya pale yanapotakiwa. Na kama mashine yake haioni tofauti ya namba ya tatu baada ya nukta, hana la kusema.

Tar. 20 Juni

Ndipo nikamhurumia Linus Pauling. Huwa tunamsimulia kama mzee mkaidi mwenye Nobeli mbili aliyemkatalia kijana. Lakini tazama alichosema mwaka 1985: hizi si kitu kipya, ni fuwele za mchemraba zenye kiboksi kikubwa, atomu zaidi ya elfu moja kwenye kiboksi kimoja, zimeota kama mapacha zimegeukiana pande kadhaa, ndiyo maana kwa mbali unaona ulinganifu wa tano. Kiboksi kikubwa kinachofanana na kwasikristali mpaka uangalie mbali! Hiyo ni fuwele yangu ya 809. Sampuli za mwanzo za alumini na manganizi zilikuwa chafu, vilele vimevimba na vimehama hama, kwa vilele vile usingemnyamazisha kirahisi.

Kilichombana ni sampuli. Mwaka 1987 An-Pang Tsai na wenzake Japani walitoa kwasikristali ya alumini, shaba na chuma iliyo tulivu, unaweza kuipasha moto muda mrefu isibadilike, na vilele vyake vikawa vyembamba na vimekaa panapotakiwa. Pauling alifariki 1994 bila kukubali. Shechtman alipewa Nobeli ya kemia 2011, peke yake.

Katikati hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1990, umoja wa kimataifa wa wataalamu wa fuwele ulibadilisha maana ya neno lenyewe, fuwele ikawa kigumu chochote kinachotoa madoa makali ya difraksheni. Kujirudia kukatolewa kwenye sharti. Kwa maana hiyo kwasikristali ni fuwele, na swali la kijana wangu limekufa kwa kufutiwa maneno, jambo ambalo mimi naliona ni kama kukwepa kwangu, ila wao wana kamati.

Tar. 24 Juni

Sasa metali zenyewe maana nisije nikabaki na vijiti vya kadibodi.

Mfano ninaoupenda ni kadimi na iterbi. Kikundi kilekile cha Tsai mwaka 2000 kilipata kwasikristali ya metali hizo mbili tu, takriban atomu 5.7 za kadimi kwa moja ya iterbi. Kando yake kuna aproksimanti mbili za mchemraba, moja kiboksi chake kina upana wa angstromu 15.6 hivi (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita), ya pili 25.3 hivi. Gawanya. 1.62. Ni ileile hesabu ya 6.854 na 11.090, iko kwenye metali! Na zote tatu zimejengwa kwa kishada kilekile cha atomu, magamba yaliyofunikana kama kitunguu, tofauti ni jinsi vishada vinavyoshikana vikiwa mbali. Ndiyo maana muundo wa kwasikristali hiyo uliweza kutatuliwa 2007, walianza kwa kuzisoma fuwele jirani zake kwanza. Veit Elser na Christopher Henley walishaliona hilo tangu 1985 kwenye aloi ya alumini, manganizi na silikoni.

Kugeuka kwenyewe kuna sura mbili na hapa skripti yangu inaonyesha moja tu. Baadhi ya michanganyiko ya alumini, shaba na chuma ni kwasikristali ikiwa ya moto sana, ikipozwa pole pole inajipanga kuwa aproksimanti, ukiipasha tena inarudi. Hiyo ndiyo ya mpwa wangu, kuruka kwa fazoni kwa mpango, kwenda na kurudi. Lakini ile ya Shechtman ya alumini na manganizi haikuwa tulivu tangu mwanzo, ilipatikana kwa sababu ilipozwa haraka mno kabla atomu hazijajipanga. Ukiipasha, fuwele ya kawaida (atomu sita za alumini kwa moja ya manganizi) inachipua ndani yake na kuila, na hairudi. Huko hakuna kifundo cha kuzungusha, kuna mpaka kabisa, upande huu hiki na upande ule kile, kama ukungu kwenye mkate.

Kwa hiyo mahali pa kukatika papo, ila si pale nilipokuwa natafuta. Ikielekea kwa aproksimanti yake unaweza kuteleza, ikielekea kwa fuwele isiyo ya ukoo wake ni kubomoa na kujenga.

Kwa nini ipende kuwa kwasikristali ikiwa ya moto, wataalamu wanabishana mpaka leo. Kambi moja inasema ni ule uhuru wa kuruka ruka, mipangilio mingi inayokaribiana nguvu, entropia (wingi huo wa mipangilio) inaipa ushindi kwenye joto. Nyingine inasema nguvu ya vifungo peke yake inatosha. Mimi sina kambi, nina vijiti.

Tar. 28 Juni

Fundi ameleta mbao. Ncha za 36 zimekatika kumi na moja, hakusema kitu, aliziweka juu kabisa nizione.

Na nilikosea oda. Kwenye Penrose rombasi nene kwa nyembamba ni tau kwa moja, kwa hiyo nene 50 zinataka nyembamba kama 31, na mimi nimeagiza 50. Mtu ambaye amekaa na tau wiki tatu. Ila baada ya kutoa zilizokatika bado zinatosha, na fundi anataka kujua kama nilijua.

Tumetandika sebuleni. Hapa kuruka kunapendeza kuliko kwenye mstari. Popote rombasi tatu zinapokutana kwenye nukta moja (nene mbili na nyembamba moja, 108 na 108 na 144, au nyembamba mbili na nene moja, 144 na 144 na 72) zinafanya umbo la pembe sita, unalishika lote unalizungusha nusu duara, linaingia palepale, hakuna pengo. Nukta ya katikati tu ndiyo imehama. Fundi aliizungusha mwenyewe mara nne bila kuamini, akapima ukingo kwa rula. Kila mzunguko unavunja sheria za Penrose za ukingo gani ukae na upi lakini kwa macho sakafu iko vilevile.

Tar. 2 Julai

Shule inafunguliwa Jumatatu. Hali ya mradi: ya mstari imekwisha, skripti iko safi na tau imeandikwa kwa mzizi wa 5 na maelezo pembeni kwamba hiyo nayo ni uongo. Ya mbao tumefika katikati, nataka kuigeuza sakafu nzima iwe aproksimanti kwa kuzungusha pembe sita moja moja, mpaka sasa nimezungusha 14 na nimepotea, mpwa ameanza kuweka alama za chaki. Rombasi nene zimepungua, nahitaji 20 hivi zaidi.

Yule kijana nimemtumia faili la vipande 2,000 nikamwambia atafute panapoanza kosa, sikumwambia ni wapi. Kajibu usiku, "376. Lakini mwalimu mbona ni kosa? Ni ipi kati ya hizo mbili ndiyo imekosea?"